Nina miadi kwa mwanasaikolojia Jumanne, na ninaogopa

SWALI

Shikamoo Mama.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili na ninaishi Tabata. Tangu mwishoni mwa mwaka jana usingizi umenipotea. Ninaamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, na nikishaamka silali tena hadi adhana ya alfajiri. Darasani ninapoteza mtiririko wa somo katikati ya sentensi, jambo ambalo halijawahi kunitokea tangu nianze kufundisha, na nyumbani ninawafokea watoto kwa mambo madogo kisha ninajifungia bafuni na kulia. Nilikwenda hospitali nikiamini kwamba nina shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Daktari alinipima, akasema vipimo vyote viko sawa, akaniuliza maswali mengi kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo, na mwishowe akaniandikia rufaa kwenda kwa mwanasaikolojia. Miadi yangu ni Jumanne ijayo, saa nne asubuhi.

Mama, hofu niliyo nayo sasa ni kubwa kuliko ile niliyokuwa nayo kabla ya kupima. Mtu pekee ninayemjua aliyepitia tiba hii ni rafiki yangu mmoja, ambaye alikwenda mara mbili akaacha. Anasema alilipa fedha zake, akaulizwa maswali karibu saa nzima, na hakupewa hata ushauri mmoja wa kuondoka nao. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anasema haya ni mambo ya Kizungu, kwamba mtu mwenye imani hapeleki siri za nyumba yake kwa mgeni, na anataka niende kuombewa. Mume wangu hajanikataza, lakini ameniuliza zaidi ya mara moja kama huko nitamzungumzia yeye. Kazini ninaogopa kwamba ikijulikana nitaitwa mtu wa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, na sijui kama taarifa hizi zinaweza kumfikia mwajiri.

Lipo na jambo jingine ambalo ni gumu kuliko haya yote. Baada ya mama yangu kufariki nililelewa kwa ndugu wa baba, na katika nyumba ile nilifanyiwa jambo nikiwa darasa la sita ambalo sijamwambia mtu yeyote hadi leo, hata mume wangu. Nimesikia kwamba wanasaikolojia huanza kwa kuuliza habari za utotoni. Nikiulizwa, nijibu nini? Nikinyamaza, ataona ninamdanganya? Na nikisema, atalazimika kuwaambia watu wengine?

Ninaomba unieleze kwa kirefu ili niende nikijua ninakwenda kukutana na nini.

Mwalimu, Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika kabla ya Jumanne. Daktari wako naye alifuata utaratibu unaostahili, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni huweza kumfanya mtu achoke, akose usingizi na moyo uende mbio, na ni lazima mambo hayo yaangaliwe kwanza. Kama tezi hiyo haikupimwa, mkumbushe utakaporudi kwake.

Rafiki yako amekueleza ukweli kuhusu maswali. Yatakuwa mengi, na ushauri wa moja kwa moja utakuwa mchache, hasa mwanzoni. Sisi tumekulia katika desturi ambayo mwenye shida humwendea mtu mzima, awe shangazi, somo, shehe, mchungaji au mjumbe wa mtaa, akamweleza yaliyomsibu, naye akapewa neno la kushika. Ninaiheshimu desturi hiyo, na katika safu hii ninaifuata: unaniuliza, ninakujibu. Tiba ya kisaikolojia ina utaratibu wake tofauti. Mwanasaikolojia utakayekutana naye Jumanne hakujui, hamjui mume wako wala mama mkwe wako, na akikuambia siku ya kwanza uhame nyumba au umsamehe fulani, atakuwa ameamua kabla ya kuelewa. Anauliza ili apate kujua ni kitu gani kinachoifanya shida yako iendelee kuwepo, miezi mingi baada ya kuanza.

Chukua mfano wa kuamka saa tisa usiku. Atataka kujua wazo linalokujia kwanza unapofumbua macho, kama unatazama saa, kama unashika simu, kama unaanza kuhesabu muda uliobaki kabla ya kuwahi daladala, asubuhi unakunywa chai au kahawa kiasi gani ili usimame darasani, na mchana unajilaza kwa muda gani. Kutokana na majibu hayo huenda ikaonekana kwamba kilichokuamsha mara za kwanza kilikuwa huzuni au wasiwasi, lakini sasa woga wa kukosa usingizi wenyewe umekuwa sababu ya pili, na sababu hiyo inaweza kushughulikiwa kwa hatua zinazojulikana. Kazi ya namna hii, ya kuchunguza jinsi mawazo, hisia, mwili na matendo vinavyosukumana, ilianzishwa na daktari wa Marekani aliyeitwa Aaron Beck katika miaka ya 1960, na ni miongoni mwa tiba za kisaikolojia zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi duniani. Mteja hupewa kazi za kufanya nyumbani kati ya kikao na kikao, kwa mfano kuandika saa za kulala na kuamka, au kuandika wazo lililomjia kabla ya kulia na kulipima kama lina ushahidi. Wapo wataalamu wanaotumia njia nyingine, zinazotazama zaidi maombolezo, mahusiano ya sasa au maisha ya nyuma. Una haki ya kumuuliza anatumia njia gani na kwa nini anaona itakufaa wewe, na ninakusihi uitumie haki hiyo.

Ninachosikitikia katika habari za rafiki yako ni kwamba aliondoka kimya. Hayuko peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 600, ulionyesha kwamba takriban mteja mmoja kati ya watano huacha tiba kabla ya wakati wake. Wengi wao wana sababu ambayo ingeweza kuzungumzwa kwa dakika tano tu, lakini kwetu kumwambia mtu aliyesoma, aliyekaa upande wa pili wa meza, kwamba huoni faida ya anachokifanya, huhesabiwa kuwa ni utovu wa adabu. Mtu anaitikia kwa heshima, anashukuru, anapanga tarehe nyingine, kisha harudi. Nimekaa katika kiti hicho cha upande wa pili, na ninakuhakikishia kwamba mtaalamu aliyefundishwa vizuri anayahitaji malalamiko yako kama daktari anavyohitaji kuambiwa kwamba dawa inamletea mgonjwa kichefuchefu. Mtafiti Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano kati ya mteja na mtaalamu unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana kuhusu lengo, kukubaliana kuhusu kazi itakayofanywa ili kulifikia, na kuaminiana. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba ubora wa ushirikiano huo ni miongoni mwa mambo yanayoashiria mapema kama tiba itafanikiwa. Makubaliano hayo hayawezi kupatikana ikiwa upande mmoja unanyamaza kwa adabu. Kwa hiyo ukiona maswali yanazunguka, sema, «Samahani, sijaelewa maswali haya yanatupeleka wapi.» Ukitaka ushauri, sema, «Leo ningependa niondoke na jambo moja la kujaribu nyumbani.» Hayo si matusi, na namna atakavyoyapokea itakuonyesha mengi kumhusu.

Sasa tuje kwenye Jumanne yenyewe. Kikao cha kawaida huchukua dakika 45 hadi 60, na huanza na kwisha kwa saa iliyopangwa. Ukichelewa dakika 20 kwa foleni ya Barabara ya Mandela, kwa kawaida hizo zimepotea, kwa sababu kuna mteja mwingine baada yako. Ondoka nyumbani mapema. Ukifika, huenda ukajaza fomu yenye majina, namba ya simu na ndugu wa karibu wa kuwasiliana naye. Ikiwa hutaki mume wako wala mama mkwe wako apigiwe simu kuhusu miadi, sema hapohapo na umwandikishe mtu mwingine. Katika hospitali za kufundishia hutokea pia mwanafunzi au daktari aliye mafunzoni akaketi chumbani. Unapaswa kuombwa ridhaa, nawe unaweza kukataa bila kutoa sababu, na huduma yako haipaswi kubadilika kwa ajili hiyo.

Mtaalamu ataanza kwa kujitambulisha na kueleza namna anavyofanya kazi. Asipoeleza, muulize amesomea nini na wapi, amewahi kuwahudumia watu wenye shida kama yako, na yeye mwenyewe anasimamiwa na nani. Inafaa ujue kwamba mwanasaikolojia haandiki dawa. Anayeandika ni daktari, hasa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na wawili hao mara nyingi hushirikiana kumhudumia mtu mmoja. Akiona unahitaji dawa kwa muda atakupeleka kwake, na kupelekwa huko hakumaanishi kwamba umeshindikana.

Kisha atakuuliza kilichokuleta. Huna haja ya kuandaa hotuba. Maneno uliyoniandikia mimi yanatosha kabisa: usingizi, darasa, watoto, bafuni. Yaandike kwenye karatasi na uyasome kama sauti itakataa kutoka. Ukilia, utaachwa ulie, na hakuna atakayekuharakisha. Chumba hicho kimewekwa kwa ajili ya mambo hayo. Lugha nayo ni yako. Zungumza Kiswahili, na kama kuna jambo linalotoka vizuri zaidi kwa lugha ya kwenu, litamke kwanza kwa lugha hiyo kisha umweleze.

Huenda pia ukapewa dodoso fupi. Lipo moja linalotumika sana, lenye maswali 9, ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika katika kliniki na tafiti hapa nchini. Linauliza ni mara ngapi katika wiki 2 zilizopita umesumbuliwa na mambo kama kukosa usingizi, uchovu, kupoteza hamu ya kula au kushindwa kuweka akili kwenye jambo moja, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla yake haizidi 27. Alama hizo humsaidia mtaalamu kulinganisha hali yako ya leo na ya mwezi ujao. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru. Huulizwa kila mtu, kwa hiyo usidhani kwamba ameona jambo la kutisha usoni mwako, na kuulizwa hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kama jibu lako ni ndiyo, hata kwa mbali, lijibu kwa ukweli, maana ndilo litakalomwonyesha akulinde vipi. Na mawazo hayo yakikujia kabla ya Jumanne, usiisubiri miadi: mwambie mume wako akusindikize mara moja katika kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, saa yoyote, hata usiku.

Ninafika sasa kwenye jambo la nyumba ile uliyolelewa. Kwanza, ninakusikitikia kwa uliyofanyiwa na kwa miaka yote uliyoyabeba peke yako. Ulikuwa mtoto wa darasa la sita, na aibu ya jambo hilo si yako.

Ni kweli kwamba wataalamu wengi huuliza kuhusu malezi, kwa kifupi, katika kikao cha kwanza au cha pili: ulikulia wapi, nani alikulea, nani alifariki, shule ilikuwaje. Hakuna kanuni inayokulazimisha kufungua kila mlango siku hiyo. Kunyamaza hakukufanyi mwongo. Unaweza kusema, «Kuna mambo ya utotoni ambayo siko tayari kuyazungumza sasa, lakini nataka ujue kwamba yapo.» Sentensi hiyo inatosha kwa kikao kizima. Inampa mtaalamu taarifa anayoihitaji, yaani kwamba kuna jeraha la zamani na aende taratibu, nayo inakuachia wewe uamuzi wa lini na kwa kiasi gani. Mtaalamu makini hatakushinikiza baada ya kuisikia. Kwa mtu aliyepitia madhila ya namna hiyo, utaratibu unaofuatwa na wataalamu wengi ni kuanza kwa kumrudishia utulivu, kwa maana ya usingizi, namna ya kuutuliza mwili moyo unapokwenda mbio, na watu wa kuegemea, kabla ya kuyaingia yaliyopita. Wapo waliopona vizuri bila kusimulia kila kipande cha yaliyotokea. Akikutaka usimulie yote siku ya kwanza ili utoe kilichomo moyoni, mwambie kwamba hilo ni mapema mno kwako. Na akiendelea kukusukuma, unaruhusiwa kusimama na kuondoka.

Umeuliza kama atalazimika kuwaambia wengine. Hapa nataka uwe na picha kamili, kwa kuwa siri ya tiba ni pana lakini ina mipaka, na mtaalamu mwenyewe anapaswa kukutajia mipaka hiyo kabla hujaanza kueleza lolote. Kwa jumla siri inaweza kuvunjwa pale ambapo maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, pale ambapo mahakama imetoa amri, na pale ambapo mtoto anaumizwa. Wewe leo ni mtu mzima, na yaliyokupata zamani ni yako kuyasema au kuyaacha, kuyapeleka polisi au kutoyapeleka. Swali linalobaki ni kama katika nyumba ile, au karibu na mtu yule, wapo watoto leo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na mtaalamu wako ni mmoja wa wanajamii hao. Kama jambo hilo linakugusa, muulize kwanza kwa mfano usio na majina, «Mteja akikwambia hivi, wewe unafanya nini?» Akishakueleza hatua kwa hatua, utaamua ukiwa unajua. Na kama unayo hofu ya kweli kuhusu mtoto fulani sasa hivi, simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo.

Kuhusu kazini, tulia. Unakwenda kliniki kwa miadi, kwa miguu yako na kwa ridhaa yako, na jioni utakuwa nyumbani ukisahihisha madaftari. Habari za Mirembe ni maneno ya watu, na tena ni maneno yasiyowatendea haki wagonjwa wanaotibiwa kule Dodoma. Kwa mkuu wa shule inatosha kusema kwamba una miadi hospitalini, na ukihitaji karatasi ya kuthibitisha mahudhurio, omba iandikwe jina la hospitali bila kutaja kitengo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Ukitumia bima, fomu ya madai huonyesha aina ya tatizo, lakini huenda kwa mfuko wa bima na si kwa mkuu wako. Uliza pia, kabla ya kikao cha pili, kama bima yako inalipia huduma hii na kwa vikao vingapi, maana wapo waliokatishwa tiba katikati kwa kutojua jambo hilo. Iwapo gharama ya kliniki binafsi itakushinda, idara ya afya ya akili ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, pale Upanga, ina madaktari bingwa na wanasaikolojia.

Mume wako ameuliza swali la haki, naye ajibiwe kwa upole. Ndiyo, atatajwa, kwa sababu huwezi kueleza maisha yako ukamruka mtu unayelala naye kitanda kimoja. Hatashtakiwa. Mtaalamu hana kazi ya kuamua nani mwenye makosa katika ndoa, na hatampigia mume wako simu kumweleza ulichosema bila wewe kuridhia. Baadaye, ukitaka, anaweza kualikwa katika kikao kimoja, na mtakubaliana mapema yapi yatazungumzwa mbele yake na yapi hayatatajwa.

Kwa mama mkwe wako ningeomba usibishane naye. Anakuonea huruma kwa njia anayoijua. Maombi na tiba havigombani. Mtaalamu mzuri atakuuliza imani yako inakusaidiaje na ataiheshimu. Kuhusu mambo ya Kizungu, ukipata nafasi tulivu mweleze habari za Harare. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu wenye huzuni na mawazo mengi kutatua shida zao hatua kwa hatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mama mkwe wako angeweza kuwa mmoja wa akina bibi hao, na huenda akafurahi kulisikia hilo.

Baada ya kikao cha kwanza unaweza kujisikia mwepesi, au ukajisikia vibaya zaidi kwa siku moja au mbili, kwa sababu umegusa mambo uliyokuwa umeyafunika. Hali hiyo ni ya kawaida, nayo hupungua. Kama inawezekana, usipange kikao kabla tu ya vipindi vyako. Jipe angalau saa moja ya kutembea au kukaa peke yako kabla ya kusimama mbele ya wanafunzi. Hali mbaya ikidumu wiki baada ya wiki, au ikiwa mbaya zaidi kila mara, hilo mwambie mtaalamu, kwa kuwa pengine mwendo ni wa kasi mno au njia haikufai.

Muda wote wa tiba ni vigumu kuutaja kabla ya kukuona. Tiba inayofuata njia ya Beck mara nyingi huwa na vikao kati ya 6 na 20, kimoja kwa wiki, na shida zenye mizizi ya utotoni huweza kuhitaji zaidi. Badala ya kusubiri kwa imani tu, mwombe kwamba kufikia kikao cha nne au cha tano mkae na kutazama: unalala saa ngapi sasa, umelia mara ngapi, darasani mambo yakoje, alama za dodoso zimeshuka? Kama hakuna kilichosogea, badilisheni kitu, hata ikibidi mtaalamu mwenyewe. Kuomba mtu mwingine kunaruhusiwa, na aliye mzuri atakuandikia rufaa bila kununa.

Yapo mambo ambayo hayahitaji subira wala mazungumzo. Mtaalamu akikugusa kimapenzi au kukutongoza, akitaka mkutane nyumbani kwake au hotelini, akikukopa fedha au kukushirikisha biashara, akisimulia habari za wateja wengine kwa majina, akikuahidi kwamba utapona kwa kikao kimoja, akikuamuru uachane na mume wako au uache dini yako, ondoka siku hiyohiyo na utoe malalamiko kwa uongozi wa kituo. Kwa upande mwingine, mkikutana Kariakoo akapita bila kukusalimia, usidhani ana kiburi. Wengi hufanya hivyo kwa makusudi ili aliye nawe asianze kuuliza mmejuana wapi, na mnaweza kukubaliana mapema kama ungependa akusalimie au la.

Siku utakapoona umepata nafuu, usiache kwa kutotokea. Mwambie kikao kimoja kabla, ili cha mwisho mkitumie kuandika pamoja dalili zitakazokuonyesha kwamba hali inaanza kurudi, kwa mfano kuamka saa tisa usiku siku tatu mfululizo, nini utafanya kwanza zikitokea, na utampigia nani. Karatasi hiyo ibaki kwako, na umuulize kabisa kama utaweza kurudi kwake moja kwa moja bila rufaa mpya.

Mama Mshauri